Kanga Arobaini za Kasmir

Kasmir Melkiori alikuwa kijana wa Rombo mwenye shingo ndefu, na maneno marefu kuliko shingo. Mwaka 1981 alikuwa mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu, akisomea sanaa, upande wa usanifu wa michoro: mabango, majalada ya vitabu, nembo, maua ya vitambaa. Aliyemuuliza anasoma nini alipewa mhadhara, na kila aliyepewa mhadhara aliondoka na lake kichwani. Baba yake, Mzee Melkiori, alielewa kuwa mwanawe anachora ramani za nyumba, na alikwisha kuwaahidi majirani watatu. Bi Sofia, mwenye nyumba wake wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, alielewa kuwa anajifunza kuandika vibao vya biashara.

"Miaka mitatu?" Bi Sofia aliuliza. "Yule aliyeandika 'Chai Tayari' pale kona alijifunza wiki mbili."

Kasmir alicheka kile kicheko cha upole cha wasomi. Siku hizi akiisimulia hadithi hii, na huisimulia bila kuombwa, husema kicheko kile angekimeza siku ile angeshiba mwezi mzima.

Kitanda cha chuo alikuwa nacho, lakini kaka yake Pius alipohamishiwa Moshi alimwachia chumba kwa Bi Sofia, na Kasmir akakipokea kwa furaha. Aliwaambia wenzake anakwenda kuishi na umma. Kwa ajili ya umma huo alinunua makatambuga, vile viatu vya tairi, akavivaa mjini kote. Umma wa Kariakoo, ambao ulikuwa unapiga viatu vyake rangi kila asubuhi, ulimwonea huruma, na mke wa mpangaji mmoja alimpelekea ndara za marehemu mjomba wake.

Basi ikaja kazi ya mwisho. Mwalimu wao, Mwalimu Severa, mama wa Kimakua kutoka Ndanda, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimama mbele ya darasa akasema: "Sitaki picha ya kutundika ukutani. Nataka kitu ambacho watu watakitumia. Nitakuja mwenyewe nikione kinatumika. Kisipotumika, hukufanya kitu." Kasmir alijua maneno hayo yamemlenga yeye. Mwaka wa pili alikuwa ameponea chupuchupu, kwa bango la kilimo ambalo wakulima walilitazama wakauliza mishumaa hiyo inauzwa wapi. Yalikuwa mahindi. Safari hii hapakuwa na kuponea. Ukianguka kazi ya mwisho unafunga virago, na huko Rombo Mzee Melkiori alikwisha kutangaza kilabuni siku ya kumpokea mwanawe mwenye shahada.

Riziki ya mtu iko mbele yake. Mwezi huohuo Zamzam, binti pekee wa Bi Sofia, aliposwa na mwalimu wa shule kutoka Lindi. Harusi bila sare si harusi, ni kikao. Ila mwaka ule ulikuwa mwaka wa foleni, na kanga haikuonekana dukani hata ya dawa. Bi Sofia alihangaika na kibali cha harusi ofisi hadi ofisi, wiki tatu, akatoka na majora mawili ya marekani. Nguo nyeupe pe, isiyo na hata doa. Kitambaa kikawepo, maua hakuna, na kibali cha pili hakitolewi kwa harusi hiyohiyo.

"Mwanangu," alimwambia Kasmir, "wewe si husema kwamba mnachapa vitambaa huko kwenu? Nichapie kanga arobaini. Kila mwanamke kipande kimoja, tutashukuru."

"Bi Sofia," Kasmir alijibu, mkono kifuani, "nitakuchapia kanga ambayo mji huu haujapata kuiona."

Ndiyo ahadi pekee ya ujana wake aliyoitimiza barabara.

Bi Sofia akafungua sanduku, akatoa kanga moja kuukuu, laini kwa kufuliwa. "Pindo liwe kama hili, la korosho. Nilitoka nalo Lindi nikiwa mwari. Mji, pale katikati, weka maua unayotaka. Na jina, yale maneno yake, usisahau, kanga bila jina ni shuka." Kasmir akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kanisani mahubiri yakiwa marefu.

Alikwenda chumbani kwake akaitundika kanga ile ukutani kwa misumari minne, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Na hapo ndipo alipopotea, ingawa ilimchukua muda kujua. Kanga iliyotundikwa ukutani ni picha kama picha nyingine. Ina fremu, nayo ni pindo. Ina uwanja katikati, na uwanja unadai kiini. Maua ya nini? Maua kila mtu anachora. Harusi ni ya nani? Ya Zamzam. Basi kiini ni Zamzam! Uso wake, mkubwa, upana wa ungo, katikati ya mji, ukitazama mbele kama mustakabali wa taifa. Neno hilo la mustakabali aliliandika kabisa kwenye daftari lake, na daftari analo mpaka leo, na hamwonyeshi mtu.

Zamzam alikuwa na kawaida ya kukaa uani asubuhi akichambua mchele. Kasmir akajibanza mlangoni na penseli, siku mbili. Binti hakujali, alikwisha kumzoea mpangaji anayechora kila kitu, hata ndoo. Uso ulitoka vizuri, tumpe haki yake. Macho yale yaliyoinama kidogo, ule mdomo unaotaka kucheka kabla mtu hajasema kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usanii Kasmir alichora kitu ambacho hakikuhitaji maelezo chini, na kwa sababu hiyo akaamua hata jina lisiwepo. Picha ijisemee yenyewe. Lile pindo la korosho alilinakili tu, kwa adabu, huku akipiga miayo.

Uchapaji aliufanya Mlimani, kwenye meza ndefu za karakana, na fremu ya wavu na mpira wa kusukumia rangi. Rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Siku tatu alichapa, siku mbili alikausha, mikono ikawa kama ya muuza nyama. Bi Sofia aliomba aone hata kipande kimoja tu. Kasmir akamwambia kazi ya sanaa haionyeshwi kabla ya kukamilika. Hilo nalo lipo kwenye daftari.

Alhamisi karibu na adhuhuri, siku tatu kabla ya harusi, alishusha gunia uani. Wanawake wa nyumba na majirani walikwisha kukusanyika. Fundi Abbasi, mshona nguo wa barazani, aliacha cherehani yake akaja kuchungulia. Bi Sofia akatoa kanga ya juu, akaikunjua, akainyoosha mbele yake mikono ikiwa imetanuka.

Wakanyamaza. Kasmir alikuwa amesoma kwamba kazi kubwa ya sanaa huleta kimya, akatabasamu.

"Ni Zamzam," akasema mmoja.

"Zamzam mwenyewe! Mtazame mdomo!"

Hapo kikapigwa kigelegele, cha kweli. Kasmir alikisikia kwa masikio yake mawili. Bi Sofia, machozi yakimlengalenga, akajifunga kanga ile kiunoni papo hapo, akageuka kuonyesha wenzake. Na alipogeuka, kigelegele kikakatika.

Mwanamke wa kawaida akijifunga kanga kiunoni, katikati ya mji huenda nyuma, chini ya mgongo. Hili linajulikana na kila mtoto wa Kariakoo anayetembea nyuma ya mama yake. Halikujulikana na Kasmir Melkiori, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu. Bi Sofia alikuwa mama mnene, Mungu amjalie, na kila alipopiga hatua Zamzam alifura shavu la kushoto, kisha la kulia.

"Mama!" Zamzam alipiga kelele kutoka jikoni. "Mama, simama! Usikae!"

Lakini Bi Sofia alikwisha kukaa kwenye kibao cha mbuzi. Juu ya uso wa mwanawe.

"Watu arobaini," Zamzam alisema, na sasa analia. "Siku ya harusi yangu nikaliwe na watu arobaini!"

Kasmir akaanza kueleza habari za kiini. Hakufika mbali. Kutoka msikitini ikaadhiniwa adhuhuri, na Bi Sofia, kwa mazoea ya miaka hamsini, akanyanyuka, akafungua kanga mpya kiunoni ili ajitande nayo akasali. Ikafika kichwani, ikasimama hapo. Akaishusha polepole, akaitazama.

"Kasmir, mwanangu," alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Siku ya harusi sala mbili zitatukuta hapahapa. Wanawake hawa watasali na nini? Tusimame mbele ya Mwenyezi Mungu tumejitanda nyuso?"

Kasmir alikulia kwenye nyumba yenye picha ya Bikira Maria kila ukuta. Miezi minane alikuwa ameishi kwenye nyumba ile, akipishana mara tano kwa siku na wanawake waliojitanda kanga wakienda kusali, na alikuwa amewachora, akawapanga vizuri kwa kivuli na mwanga. Kuona ameona. Kufikiri ndiko alikokuacha Mlimani.

"Labda," alisema kwa sauti ndogo, "mzigeuze, nje iwe ndani."

Bi Sofia akageuza. Rangi ilikuwa imepenya. "Yupo na huku," alisema. "Amefifia tu, kama mgonjwa."

Fundi Abbasi akamvuta Kasmir pembeni. "Mangi, na bwana harusi akikuuliza uso wa mchumba wake umeuona wapi mpaka ukaujua hivi, una jibu?"

Kasmir alikwenda chumbani akakaa kitandani, akaanza kuhesabu vitu vyake vya kufungasha. Vilikuwa vichache, makatambuga yakiwemo. Mbele yake aliiona siku ya kushuka basi Rombo, baba yake na kilabu kizima, na wale majirani watatu na viwanja vyao. Kilichomuuma zaidi, na hili hulisema bila kucheka, ni ile nguo nyeupe. Wiki tatu za foleni za mwanamke wa miaka hamsini na tano, naye aliziharibu kwa siku tatu akipiga mluzi.

Mlango ukagongwa. Bi Sofia alikwisha kusali. Mkononi ana mkasi wa Abbasi.

"Toka, mwanangu. Anayevunja chungu hufagia vigae. Kata."

"Nikate nini?"

"Nyuso. Moja moja, uzitoe zote. Abbasi anasema kata mraba, duara litammaliza. Tutatia viraka."

"Viraka vya nini, Bi Sofia, na nguo hakuna mji mzima?"

"Nguo ipo. Wewe kata."

Kumbe kila mwanamke alikuwa ametumwa kwake akalete kanga yake kuukuu, ile anayoipenda asiyoweza kuitupa. Kila moja ikakatwa pale penye jina, pamoja na maua yaliyolizunguka. Mmoja alileta ya kuzaliwa kwa mwanawe wa kwanza, mwingine ya marehemu mama yake, akaishika shikashika kwanza ndipo akampa Abbasi. Siku nzima ya Ijumaa, toka asubuhi mpaka alasiri, msomi alikaa kwenye mkeka kati ya akina mama akikata shahada yake miraba miraba na kuitia kapuni, huku mabishano ya jina gani likae kwa nani yakipita juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemtukana. Walimpa hata chai. Zamzam alipita mara moja, akatazama kapuni, akasema, "Leo nimechinjwa mara arobaini," na mdomo ule ukataka kucheka.

Jumapili ikafika, na Mwalimu Severa naye akafika, kama alivyoahidi. Kasmir alikuwa barazani na wanaume, kahawa mkononi, amevaa ndara za marehemu. Hapo ndipo alipogundua jambo jingine ambalo usanifu wake haukulifikiria. Sherehe ya sare ilikuwa uani, kwa wanawake, na mwanamume hakanyagi huko. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa unafanyika nyuma ya mlango ambao yeye haruhusiwi kuupita.

Bi Sofia alimpokea mwalimu mlangoni, akampa kanga ya arobaini, ya akiba, akamwingiza. Mlango ukafungwa. Kasmir akabaki anasikiliza. Akasikia ngoma, vigelegele, kicheko kikubwa kimoja ambacho alikuwa na hakika kinamhusu. Ikaadhiniwa alasiri, ngoma ikanyamaza. Ukapita muda wa utulivu, hausikiki hata ukohozi, na Kasmir alijua wanawake wote wamejitanda sasa. Kikombe kilimpoa mkononi. Alipata kukaa kwenye mihadhara mingi kuhusu sanaa kwa ajili ya watu, lakini utulivu ule ndio alioufahamu.

Mwalimu Severa alitoka jua limeanza kulegea, kanga mabegani. Kati ya pindo la korosho, jekundu, pameshonwa kiraka cha buluu iliyofifia, na juu yake jina: Wema hauozi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alikaa kando yake kwenye baraza, jambo ambalo hajapata kulifanya na mwanafunzi yeyote. "Kasmir. Nimefundisha miaka tisa. Pindo moja kwa wote, na katikati kila mmoja amekuja na neno lake na umri wake, na bado ukiwatazama ni sare! Wamecheza nazo, wamezikalia, wamesali nazo. Wazo hili ulilipata wapi?"

Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Shahada ilikuwa imekaa hapo barazani kati yao, inangoja kuokotwa. Kasmir akafungua kinywa, na sentensi alikuwa nayo tayari. Ilianza na "Nilipotafakari maisha ya umma".

Angependa hadithi iseme kwamba uadilifu ulimzuia. Ni Abbasi. Abbasi aliyekuwa upande wa pili wa baraza alikohoa, kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyeshona viraka arobaini kwa siku moja.

"Si langu, Mwalimu," Kasmir alisema.

"La nani?"

"La Bi Sofia. Na la wenzake. Mimi niliharibu, wao wakatengeneza."

"Na pindo?"

"La Bi Sofia pia. Nilinakili."

Mwalimu Severa alimgeukia. "Kwa hiyo lako wewe ni lipi?"

Kasmir akaingia chumbani kwake kwa mlango wa mbele, akarudi na kapu, akaliweka miguuni pa mwalimu wake. Mwalimu akatoa uso mmoja, akatoa wa pili, akatoa wa tatu. Kasmir akaeleza yote, kiini na mustakabali na kibao cha mbuzi. Mwalimu Severa, mama asiye na maneno mengi, alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa mwili mzima, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga aliyopewa.

"Kaandike," alisema alipopata pumzi. "Yote hayo. Na usitie hata neno moja kubwa."

Aliandika kurasa kumi na nane. Alipewa alama ya mwisho ya kufaulu, ile ambayo chini yake hamna kitu ila sakafu. Huko Rombo shahada ni shahada, hakuna aliyeuliza ni ya juu au ya chini. Walimwuliza tu ramani za nyumba ziko wapi.

Kapu alimwachia Bi Sofia, kwa aibu. Wiki ileile aliona uso mmoja ukiepulia sufuria ya maharage, pua imeshika masizi, akajua kazi yake hatimaye inatumika.

Akapata kazi ya kuchora majalada ya vitabu vya kisomo cha watu wazima. Ofisini walimwona mtu wa ajabu kidogo, maana kila akipewa kazi, kabla ya kushika penseli, huuliza: "Itakaa wapi? Na nani ataikalia?"

Miaka mitatu baadaye, siku ya Idi, alikwenda Mtaa wa Mchikichi kumwamkia Bi Sofia. Mama alikuwa amepungua mwili. Zamzam yuko Lindi na watoto wawili, na barabara ya kusini wakati wa mvua kila mtu anaijua; hata barua hukwama. Bi Sofia alimkaribisha chumbani, akamvutia kigoda, na Kasmir alipoinua macho akakutana na macho yale yaliyoinama kidogo. Uso mmoja, wa mwisho uliobaki, umetiwa kwenye fremu ya mbao na kutundikwa ukutani, mkabala na kitanda. Kando yake, juu ya msumari, imening'inia kanga ya harusi.

"Wakati wa kusali naufunika na hiyo," alisema Bi Sofia. "Nikimaliza naufunua."

Kasmir aliigusa fremu kwa kidole.

"Picha yako haikuwa mbaya, mwanangu. Uliiweka mahali pabaya tu. Hapa hakuna wa kuikalia." Akaitazama, akatabasamu. "Kila asubuhi nikifumbua macho, huyo, ananitazama. Nami namwitikia. Marahaba, mwanangu, namwambia. Marahaba."

Kasmir Melkiori, mwenye maneno marefu kuliko shingo, alitafuta neno, dogo tu, asilipate. Akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, mpaka Bi Sofia alipomwuliza kama chai yake atakunywa na tangawizi.